Kupiga rimu rangi ya mpira, ile ukichoka nayo unaibandua

Kila zikibaki wiki mbili tatu Idi iingie, simu yangu haipoi. Vijana wananiuliza jambo moja tu, yakhe rimu zangu zishachakaa nizipige rangi gani zipendeze mpaka Mnazi Mmoja hapa Unguja. Na jibu langu siku zote ni lile lile, piga rangi ya mpira, ile ukiichoka unaibandua kwa mkono na rimu inarudi kama ilivokuwa. Sasa badala ya kumuandikia kila mtu kipande kipande naandika yote hapa kwa pamoja, someni kwa utulivu maana kuna pahala ukikosea hutokuja kuibandua abadan.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Hii siyo rangi kama ile ya fundi bodi. Ndani ya mkebe mna mpira ulioyeyushwa kwenye dawa zinazokauka haraka, ukipuliza dawa inaruka hewani na mpira unabaki juu ya rimu umeshikana wenyewe kwa wenyewe kama ngozi. Rangi ya kawaida inang'ata chuma, hii inakikumbatia tu. Maarufu kuliko zote ni Plasti Dip ya Marekani, kampuni yake ilianza 1972 huko Minnesota, na mwanzo wake hata siyo gari, ilikuwa dawa ya kuchovya mikono ya koleo na spana ili isiteleze. Foliatec ya Ujerumani nao wanayo yao ya mikebe ya mililita 400. Mkebe wa Plasti Dip una gramu 311, na kwa rimu za inchi 14 au 15 kama za Toyota ndogo, Vitz na IST, mie nahesabu mkebe mmoja kwa rimu moja, alafu nanunua na wa tano wa akiba. Ule wa tano msiuonee choyo, nitasema kwa nini.

Mara yangu ya kwanza niliharibu vibaya. Ilikuwa ni siku ya mwisho ya Ramadhani, baada ya laasiri, gari naitaka asubuhi. Nikaosha rimu mbio mbio kwa maji ya kisima cha pale tulipokuwa, upande wa pwani ya kusini, maji yana chumvi chumvi lakini nikaona si maji tu. Nikapiga mikono miwili, yani tabaka mbili za rangi, kila rimu kwa sababu mikebe ilikuwa miwili, nikafurahi, na kwa macho ilipendeza kweli. Baada ya miezi michache zikaanza kutoka malengelenge pembeni mwa nati. Nilipoanza kubandua haikutoka ngozi, ilitoka kama maganda ya kitunguu saumu, kipande cha ukucha hapa kipande cha ukucha pale, na chini yake nikakuta unga mweupe, chumvi imekaa imetulia humo ndani inakula aluminiamu polepole huku mie natembea najisifu. Siku mbili nilikaa chini na kucha zangu. Kwaiyo mambo mawili ndo nataka mtoke nayo hapa: usafi wa rimu kabla ya kupuliza, na unene wa rangi. Mengine yote ni mapambo.

Tuanze na kuchagua siku. Hii kazi inataka siku nzima na inataka hewa kavu, na sisi tunakaa kisiwani. Masika, yani Machi mpaka Mei, achana nayo kabisa. Vuli nayo hivyo hivyo ikiwa mvua inapiga kila jioni. Hewa ikiwa na unyevu mwingi rangi nyeusi inakauka na ukungu wa kijivu juu yake, kama kioo ulichokipumulia, na ule ukungu haufutiki kwa kitambaa. Wakati mzuri ni Juni mpaka Septemba, hali ya hewa kavu na jua si kali sana, tabu yake ni upepo wa kusi kwaiyo tafuta ukuta wa kujikinga. Na muda mzuri wa siku mie naona ni kuanzia saa tatu asubuhi, umande umeshakauka na jua halijawa la kuchoma. Usipulizie juani moja kwa moja, chuma kikiwa cha moto rangi inakauka kabla haijatandaa na unapata juu kama msasa. Chini ya mwembe si pazuri vilevile, majani na wadudu wanaanguka, na mdudu akitua kwenye rangi mbichi ndo kapata kaburi. Banda lililo wazi pande mbili ndilo hasa.

Na angalia kamba ya nguo ya jirani. Hii rangi inaruka mbali kama vumbi na kwenye kanzu nyeupe haitoki.

Sasa rimu yenyewe. Kabla hujaitia maji ikague. Ina ufa? Imepinda? Kama ina ufa hiyo si ya kupambwa, peleka kwa fundi au itupe. Alafu chukua selotepu ngumu, ile pana ya kufungia maboksi, ibandike juu ya rimu uikandamize vizuri halafu ing'oe kwa nguvu moja. Ikitoka na rangi au na kilia ya zamani, ile ya kung'arisha inayopigwa juu ya rangi, basi ujue siku ya kubandua mpira wako utatoka na hizo rangi pia. Rimu nyingi za huku zishapigwa rangi na mafundi zaidi ya mara moja juu ya uchafu, hizo ndo zinazotoa maganda. Ikiwa hivyo kwangua yanayotoka, piga msasa laini ule wa namba kubwa mpaka ukipitisha kidole husikii ukingo, ndo uendelee. Na kama una mpango wa kubadilisha tairi, badilisha kwanza. Mashine ya fundi tairi inakwaruza ukingo wa rimu na itaondoka na rangi yako, si kosa lake, ndo kazi yake ilivyo.

Kuosha. Hapa ndo ninapowaomba muwe na subira. Rimu ina uchafu wa namna nne na kila mmoja una dawa yake. Vumbi na tope linatoka kwa sabuni ya maji na brashi. Lami iliyoganda inatoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, lakini yale mafuta ya taa lazima yaoshwe tena kwa sabuni mara mbili maana ukiyaacha mpira haushiki. Unga wa breki, ule mweusi wa kahawia unaokaa kwenye kona za mikono ya rimu, yani zile spoki, unataka mswaki wa zamani na mkono usiochoka, ingia kila kona, ingia mpaka kwenye matundu ya nati. Na wa nne ndo adui ambaye hamumuoni, ile dawa ya kung'arishia tairi wanayopaka vijana wa kuosha magari. Ina silikoni, inaruka kwenye rimu kila mara, na ukipuliza juu yake rangi inakimbia inaacha vitundu kama maji juu ya jani la mgomba. Sabuni ya vyombo ndo inayoikata, osha tairi lenyewe pia mpaka maji yakimwagika juu yake yatandae yasikusanyike matone.

Maji ya mwisho ya kusuuza yawe maji baridi yasiyo na chumvi. Walioko Paje, Jambiani, Nungwi, Makunduchi na pwani zote mnanielewa, visima vingi vya pwani vina chumvi. Tumia ya bomba au maji ya mvua uliyokinga, ndoo mbili zinatosha rimu nne ukiwa na adabu. Njia yangu ya kupima ni rahisi, nasuuza, naacha ikauke yenyewe bila kufuta, alafu napitisha kidole nakitia ulimini. Ikiwa kuna chumvi utaijua na unasuuza tena. Ikishakauka futa kwa spiriti na kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kanga ya zamani iliyofuliwa mara nyingi ni nzuri kuliko kitambaa chochote cha dukani, na kutoka hapo usiguse tena kwa mkono mtupu. Vaa glavu. Mafuta ya vidole yanatosha kuacha alama.

Kuvua tairi au kupuliza likiwa palepale kwenye gari? Vua. Najua wengi wanapuliza bila kuvua na inawezekana, lakini lazima ufunge breki kwa mifuko ya plastiki kupitia kila nafasi ya rimu na bado rangi inapata njia. Rangi ya mpira kwenye diski na pedi si jambo la kuchezea. Ukivua unapata kuosha na upande wa ndani, unapata kupuliza mikono ya rimu kutoka kila pembe, na unaiona kazi yako. Gari iegeshe sakafuni palipo sawa, hendibreki juu, jiwe nyuma ya tairi za upande wa pili, na usiiache imesimama juu ya jeki peke yake wakati wewe umekaa chini unaosha rimu, weka stendi chini ya chasisi. Legeza nati kabla hujainua, Toyota ndogo nyingi ni spana namba 21. Ukiwa na stendi mbili tu vua mbili mbili, mbele leo nyuma kesho, hamna anayekukimbiza.

Kuziba sasa, hapa pana raha yake. Tairi na rimu vinapokutana kuna mfereji mwembamba na huko unachomeka kadi moja baada ya nyingine, kila moja ikilalia mwenzake kidogo, mpaka rimu yote imezungukwa kama jua lenye miale. Wenzetu kote duniani wanatumia karata. Rimu ya inchi 15 mzunguko wake ni kama sentimita 120, karata moja ina upana wa sentimita 6 na kitu, kwaiyo zikilaliana unahitaji karata 25 mpaka 30 kwa rimu na pakiti moja inakaribia kutosha rimu mbili. Lakini mie sinunui karata. Fungua droo yoyote ya nyumba ya hapa utakuta kadi za mialiko ya harusi za miaka mitano, ngumu, zinateleza, zikatwe kati tu. Nimepuliza rimu nyingi nimezungukwa na majina ya maharusi na naona ni matumizi ya heshima kuliko kutupwa jaani. Chomeka mpaka zigote chini, kama kadi inacheza cheza ukingo wa rangi hautokuwa safi.

Vali izungushie maskin tepu. Alama ya katikati ya rimu itoe kwa kuisukuma kutoka nyuma, usiichokoe na bisibisi kwa mbele. Kisha matundu ya nati, na hapa nisikilizeni vizuri. Pale nati inapokaa, ule mviringo wa ndani unaobanwa, pasiwe na rangi hata tone. Na nyuma ya rimu, pale panapogusana na habu ya gari, yani kile kitovu rimu inapofungwa, vilevile. Mpira ni laini, ukibanwa na nati unakandamizika alafu unapungua, nati inalegea yenyewe barabarani. Vunga karatasi au foili ya jikoni uzibe kila tundu mpaka ijae. Nshaona gari pale Bububu imepaki pembeni tairi la mbele limebaki na nati mbili, mwenyewe anashangaa kwa sababu alizikaza kwa nguvu zake zote. Alizikaza juu ya mpira.

Kupuliza. Vaa barakoa, siyo kitambaa cha vumbi, ile yenye chujio la rangi ukiipata, na pahala pawe wazi. Harufu yake inapanda kichwani haraka. Watoto wawe mbali, na jiko la mkaa, sigara, hata pikipiki inayowaka viwe mbali zaidi, dawa zile zinashika moto kama petroli. Mikebe usiiache juani wala ndani ya gari iliyofungwa, haitakiwi kupita joto la digirii 50 na gari iliyoanikwa adhuhuri haishindwi kufika huko. Huko kwenye baridi wanaloweka mikebe kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kupuliza, sisi hilo halituhusu.

Tikisa mkebe mpaka usikie goroli linagonga kwa uhuru, na kutoka hapo endelea dakika moja nzima, na kila baada ya mkono tikisa tena. Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi. Simama sentimita 15 mpaka 20 kutoka kwenye rimu. Anza kubonyeza mkebe ukiwa nje ya rimu, pitisha mkono mpaka utoke upande wa pili, ndo uachie. Ukibonyeza na kuachia ukiwa juu ya rimu ndo unapata michirizi na madonge.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi. Mwepesi hasa, baada yake bado unaiona rimu kama nusu, unaona aibu na unataka kuongeza, usiongeze. Huo ndo unaoshika na mingine yote inakaa juu yake, ukiumwaga mzito unateremka. Subiri dakika 15. Kwa hewa yetu mie nasubiri 20 mpaka 25 kukiwa na unyevu. Mkono wa pili uzidi kidogo. Kuanzia wa tatu ndo unapiga wa majimaji, na mtaujua kwa macho, rangi ikitua inang'aa kama ngozi ya pweza aliyetoka majini saa hizo, imetandaa haina vumbi vumbi, alafu taratibu inaanza kufifia kuanzia pembeni kuja kati. Ukiona haing'ai ujue uko mbali mno au unakimbia mno. Ukiona inakusanyika chini ya mkono wa rimu ujue umezidisha, acha, usiguse kwa kidole, mkono unaofuata utaisawazisha kiasi.

Jumla iwe mikono mitano mpaka sita. Huu ndo ule unene niliousema. Mpira mwembamba hauna nguvu ya kujishikilia ukiuvuta, unakatika, mpira mnene unatoka mzima kama soksi. Na wengi wanakosea pembeni, uso wa rimu wanaupiga mikono sita na mbavu za mikono ya rimu zinapata miwili tu kwa sababu hawazioni wakiwa wamesimama. Lala chini. Zungusha tairi. Kila mkono anza na mbavu na matundu, uso umalizie. Hapo ndo mkebe wa tano unapofanya kazi, usipokuwa nao utaanza kubana kwenye rimu ya mwisho, na rimu ya mwisho ndo itakayokutesa siku ya kubandua.

Ukimaliza mkono wa mwisho usisubiri, toa kadi na tepu palepale rangi ikiwa bado mbichi. Hii watu hawaamini. Lakini ikishakauka mpira unakuwa kitu kimoja kutoka kwenye rimu mpaka kwenye tepu, ukivuta tepu inanyanyua na ukingo wa rimu, na ukingo ulionyanyuka ndo mlango wa maji na chumvi. Vuta polepole kuelekea nje. Geuza mkebe chini juu bonyeza sekunde mbili tatu mpaka itoke hewa tupu, ili kichwa kisizibe, alafu hifadhi.

Kwenye maelekezo utakuta saa nne za kukauka. Mie nawaambieni laza usiku. Asubuhi funga tairi, nati anza kwa vidole, alafu kaza kwa kuruka, ya huku kisha ya mkabala wake, siyo kwa kuzunguka. Ukipata ile spana ya kupimia nguvu, Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103. Kisha baada ya kilomita 50 mpaka 100 kaza tena, mjini hadi Nungwi kwenda na kurudi inapita 100 kwaiyo ukifika kule kabla hujateremka baharini chukua spana uzipitie, dakika tano tu.

Rangi gani? Hilo ni lako lakini mie nina maoni yangu. Nyeusi isiyong'aa ndo wanayoanza nayo wote na inasamehe makosa, ila kwa waliopo upande wa mawe na vumbi jeupe, Jambiani, Paje, Michamvi, kila siku itaonekana kama imemwagiwa unga. Huko kijivu cha moshi kinapendeza zaidi na kinaficha. Pemba kwenye udongo mwekundu rangi ya shaba ya kukoza inakaa vizuri ajabu, niliona Noah moja Chake nikasimama kuiangalia, tope limeirukia na bado inapendeza. Nyeupe ni nzuri siku ya harusi. Kama unataka mng'aro kuna mkebe wa kilia yake maalumu ya mpira, unapiga mikono miwili juu ya rangi. Usipige kilia ya fundi bodi juu ya mpira, ile ni ngumu na mpira unanepa, itapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka na hapo kubandua kushakuwa kazi nyengine.

Wenye wilikapu za plastiki msijione mmeachwa. Hizo ndo nzuri za kujifunzia, unazing'oa unazilaza kwenye gazeti hamna kadi hamna nati. Ukiharibu, umeharibu kitu cha bei ndogo.

Sasa tairi. Wengi wanataka maandishi meupe kwenye ubavu wa tairi na wanauliza kama rangi hii hii inafaa. Haifai. Ubavu wa tairi unakunjika kila unapozunguka na mpira wake wenyewe una nta inayotoka nje polepole, kwaiyo rangi inapasuka na kubanduka vipande ndani ya muda mfupi. Kwa maandishi tumia kalamu ya rangi ya tairi, safisha herufi kwa spiriti, jaza mara mbili tatu. Rangi ya mpira ikirukia tairi wakati wa kupuliza usijali, ikikauka isugue kwa kidole gumba inatoka. Ila jambo moja: msifunike kwa rangi yoyote zile tarakimu 4 za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yani 2319 ni tairi la wiki ya 23 mwaka 2019. Mara nyengine zipo upande mmoja tu. Tairi za mtumba zinaingia nyingi na hizo namba ndo zinakwambia umri wake, na ukipaka tairi zee likaonekana jipya unamdanganya hata yule utakayemuuzia gari. Ukiwa unazisoma na ukakuta tairi limezeeka ubavu una nyufa, pesa ya mikebe weka kwenye tairi kwanza. Nasema kwa mapenzi.

Kuitunza si tabu. Siku chache za mwanzo usiioshe. Baada ya hapo sabuni nyepesi na maji baridi, na kila ukishuka ufukweni au kupita barabara iliyomwagiwa maji ya bahari, suuza siku ile ile. Mashine ya maji ya nguvu isikaribie ukingo, waambie vijana wa kuosha kabla hawajaanza. Petroli isiiguse, inaiyeyusha palepale, na hata zile dawa kali za kutoa grisi. Ikichubuka kwenye ukingo wa barabara usikate tamaa, chukua kitambaa chenye petroli kidogo sana, pangusa kingo za jeraha mpaka zilainike ziwe laini laini, puliza mikono mitatu minne myepesi juu yake, inaungana na ile ya zamani na ukiwa hodari huioni. Ila ukiona lengelenge, usipulizie juu. Lengelenge maana yake maji yameshaingia, pabandue upaone.

Na kubandua. Plasti Dip inasifiwa kukaa miaka mitatu, lakini rimu inakaa kwenye jua, mchanga na chumvi, kwaiyo mie zangu nabandua kila mwaka hata kama bado nzuri, nipate kuiona rimu. Fanya gari likiwa limeota jua kiasi, mpira ukiwa wa vuguvugu unavutika vizuri. Sugua ukingo kwa kidole gumba kwa kukandamiza mpaka ujikunje, ukipata pa kushika vuta kuelekea kwako polepole kwa mkono mmoja, mwengine ufuate nyuma ukikandamiza pale inapotaka kukatika. Kama uliipiga vizuri utasikia ule mlio wa kuchanika mwembamba na mkono mzima wa rimu unatoka mtupu, safi, umbo lake limebaki ndani ya mpira mpaka alama za nati. Siku hiyo utaupenda ule mkebe wa tano.

Kama ni nyembamba na inakatika usichukue kisu. Puliza mikono mitatu ya majimaji juu yake, rangi yoyote hata ya mkebe uliobaki, acha ikauke usiku, itaungana na ile ya chini na utaibandua kama kawaida. Ikishindikana kabisa WD-40 na kitambaa, loweka dakika kadhaa kisha sugua, inatoka ikiwa uji mweusi, ni uchafu lakini rimu haiumii. Ndo nilivyomalizia zile zangu za kwanza.

Rimu ikishakuwa wazi ioshe, ikague palipokuwa na kadi na palipokuwa na nati, kama kuna unga mweupe usafishe usiufunike tena. Ule mpira uliobandua tupa kwenye taka, na mikebe iliyokwisha isiingie kwenye moto wa jaa hata kama haina kitu ndani, inaripuka, na jaani ndo wanapocheza watoto.